Sindano ulimini: Je, tiba ya Kichina inawafaa watoto wenye shida za ubongo?

UKIWA mdogo, sindano ya mkono tu ilikuwa vita. Sasa hebu fikiria ya ulimini, tena kila siku.

Hivyo ndivyo Virginia Wong na Sun Jie-Guang walivyofanya Hong Kong, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001. Walichukua watoto 10 wenye matatizo ya neva, waliokuwa wakitokwa na udenda kupita kiasi, wakawadunga mara 30. Sindano zenyewe ni nyembamba, hazina dawa ndani, na za ulimini huingia na kutoka chapchap. Udenda ulipungua.

Utasema, udenda tu? Kama una ndugu mwenye mtindio wa ubongo, unajua. Shati linalowa kutwa, kidevu kinachubuka, na darasani hakuna anayetaka kuketi karibu naye. Mzazi akisikia kuna kitu cha kukausha hilo shati, atauza hata mbuzi.

Kwa nini ulimi? Wahenga wa China waliamini mwili una njia zinazopitisha nguvu ya uhai, na kwamba ulimi ni mlango wa moyo. Wengine hudunga kichwani. Jiao Shunfa, wa mkoa wa Shanxi, aliipa umaarufu mbinu hiyo miaka ya 1970 kwa kuoanisha sindano na ramani ya ubongo.

Lakini ngoja kwanza. Watoto 10 ni wachache mno, na mtoto hukua hata bila sindano. Mwaka wa 2011, wataalamu wa Cochrane walipitia majaribio 10 yaliyohusisha watoto 390 wenye usonji, kutoka Hong Kong, China bara na Misri. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba tiba hii inasaidia.

Kwa hivyo ukiona bango mtaani linaloahidi "kuponya" mtindio wa ubongo, kaa chonjo. Hali hiyo haina tiba ya kuimaliza. Mazoezi ya viungo ndiyo humsaidia mtoto kukaa, kushika kijiko, kutembea akiweza. Kuyaacha ili kulipia sindano ni hasara maradufu.

Na mtoto mwenyewe je? Katika orodha ya madhara, watafiti waliandika kutokwa na damu, kukosa usingizi, na kilio cha woga.