Pikapu ya Zamani Inalia Chini? Tafuta Mlio Kabla Hujanunua Difu

Leo sizungumzii mbegu wala viuatilifu. Nazungumzia mlio wa chini ya gari, maana kwangu hilo nalo ni suala la kilimo. Nyanya zilizoiva hazisubiri gari lililolala njiani. Kreti za chini zinaanza kuvuja maji siku hiyohiyo, na mnunuzi akiziona anakata bei bila huruma.

Nitatumia mfano wa Hilux za dizeli za miaka ya 1990, zile za injini ya 3L, kwa sababu wengi mnazo. Ila maelezo haya yanafaa kwa gari lolote lenye injini mbele na linalosukumwa na tairi za nyuma. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita klachi, giaboksi, propela, difu, ekseli, mpaka tairi. Propela imeungwa kwa krosi, ili iweze kuzunguka huku difu ikipanda na kushuka barabarani. Gari refu mara nyingi lina propela ya vipande viwili, na katikati pana sente beringi.

Sasa, kosa ninaloliona sana ni mtu kusikia mlio, kwenda gereji na kusema "inalia chini", basi. Fundi naye anabahatisha. Jua kwanza mlio unatokea lini.

Anza gari likiwa limesimama, injini inawaka, gia iko frii. Kama kuna muungurumo, kanyaga klachi. Ukipotea, shaka iende kwenye beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi. Kama ni kinyume, yaani kimya lakini ukikanyaga klachi inalia, hiyo ni rilizi beringi. Zote mbili zinadai kushusha giaboksi, kwa hiyo angalia na sahani ya klachi siku hiyohiyo, usije ukalipa ufundi mara mbili.

Gari likitembea, sikiliza kila gia. Ukisikia muungurumo gia zote isipokuwa namba nne, tatizo liko ndani ya giaboksi, kwenye beringi za shafti ya chini. Kwenye giaboksi hizi namba nne inapitisha nguvu moja kwa moja, ile shafti ya chini haibebi mzigo. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi.

Mlio ukibadilika unapotoka lami kuingia vumbi, angalia tairi. Kama ni "uuuuu" ya kudumu, tafuta barabara nyeupe isiyo na watu, uyumbishe gari taratibu. Ukikata kushoto uzito unalemea kulia, na mlio ukizidi hapo, beringi ya tairi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Difu yenyewe ina tabia yake: inaimba unapokanyaga mafuta, ukiachia sauti inabadilika au inakatika.

Halafu kuna krosi, na hapa ndo vijana wanapigwa hela. Krosi iliyokufa inagonga "tak!" unapoingiza rivasi, au unapoachia mafuta na kukanyaga tena. Ikikauka grisi inalia "kwi-kwi-kwi" kama ndege, hasa mwendo mdogo. Kumbuka kwenye pikapu hizi propela inazunguka takribani mara nne wakati tairi inazunguka mara moja. Kwa hiyo kama "kwi-kwi" ni ya haraka kuliko mzunguko wa tairi, ipo kwenye propela. Ikilia mara moja kwa kila mzunguko wa tairi, tafuta kwenye tairi au breki.

Kijana mmoja anayelima nyanya upande wa Ilula aliambiwa gereji kuwa difu imekufa, atafute nyingine iliyotumika. Tulipoingia chini, difu ilikuwa na mchezo mdogo wa kawaida, lakini krosi ya nyuma ilikuwa imezungukwa na unga mwekundu wa kutu. Unga ule ni vichuma vidogo vya beringi ya krosi vinavyosagika vikiwa vikavu. Ilibadilishwa krosi tu, kugonga kukaisha.

Kukagua unaweza mwenyewe. Egesha mahali tambarare, zima injini, weka kabari tairi zote mbele na nyuma, kisha gia frii. Kama lazima unyanyue gari, liweke juu ya stendi za chuma. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika propela, izungushe kwa mkono huku na huku, pia isukume juu na chini. Macho yako yawe kwenye krosi. Upande mmoja wa kiungo ukisogea kabla ya mwingine, krosi imekwisha. Hapohapo kagua yubolti za springi na mauntingi za injini na giaboksi, maana zikilegea zinagonga vilevile na watu wanasingizia difu.

Usiendelee kubeba mzigo na krosi inayogonga. Ya mbele ikikatika, ncha ya propela inaanguka na kuchimba barabara gari likiwa kwenye mwendo. Na mnajua wenyewe ni vibarua wangapi huwa wamekaa juu ya yale makreti.

Kwenye kubadilisha, simamia fundi mambo matatu. Kabla ya kufungua, apige alama kwa rangi kati ya propela na difu, na kati ya vipande vya propela, ili virudi vilivyokuwa. Zikikosewa, unatoka na kelele unaingia kwenye mtetemo. Pili, vikombe vya krosi viingizwe kwa kubanwa kwenye jiliwa, siyo kwa nyundo. Kikombe kikigoma kufika mwisho na klipu haiingii, kuna kichuma kimoja kimelala chini; kitoe, usilazimishe. Tatu, kama krosi ina nipo, pampu grisi mpaka itokeze pande zote nne. Baada ya hapo piga grisi kila unapobadilisha oili ya injini, na mapema zaidi msimu wa matope.

Kuna hili la kuongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Naelewa kwa nini mnafanya. Ila nyuma ya gari ikipanda, pembe ya propela inabadilika, krosi zinafanya kazi zikiwa zimepinda, na gari linatetema hasa unapoondoka. Ukibadilisha krosi mara kwa mara bila kugusa pembe hiyo, unawatajirisha wauza vipuri.

Kama vipimo vinaonyesha difu kweli, anza na oili. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia. Ya juu ikigoma baada ya oili kumwagika, huna pa kujazia. Ute laini wa chuma kwenye sumaku ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole siyo kawaida. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji ya mto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, hasa kama kipumulio kimeziba udongo. Kizibue, badilisha oili. Difu hizi zinataka oili ya gia ya GL-5, kwa kawaida 80W-90. Usiimimine hiyohiyo kwenye giaboksi bila kusoma kitabu cha gari, maana baadhi ya giaboksi za zamani zina ringi za shaba zinazoharibiwa na GL-5 na zinataka GL-4.

Ikibidi kununua difu iliyotumika, usiangalie umbo tu. Hesabu meno ya gia kubwa, gawanya kwa meno ya gia ndogo, jibu lilingane na la difu yako ya zamani. Kwa gari la 4x4 hili ni la lazima: difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana, siku utakayoingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu zitavutana mpaka kitu kimoja kivunjike.