Bibi Alipokuwa Mchungaji wa Nyumba Yetu

Tanzania hatukufungiwa ndani. Naanza na hilo kwa sababu wanangu, ambao sasa wamekua, wakisikia habari za korona huko Kenya au Uganda hudhani na sisi tuliishi hivyo hivyo. Wakenya walipigwa marufuku kutoka usiku kuanzia Machi 27, 2020. Kwetu, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 16, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule. Vyuo vikafuata. Makanisa na misikiti ikaachwa wazi: Machi 22 Rais John Magufuli alisimama kanisani Dodoma akasema huko ndiko kwenye uponyaji wa kweli.

Hata hivyo, hapa Ilomba, jijini Mbeya, nyumba nyingi zilijifunga zenyewe. Yetu ilikuwa mojawapo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo shule zilipofungwa nilibaki nyumbani na wanangu watatu, pamoja na mama mkwe aliyekuwa amekuja kutoka Rungwe kutibiwa sukari na presha. Mzee wa namna hiyo humpeleki kwenye mkusanyiko wakati kama ule. Baba watoto ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia na Kongo, na mwezi ule alikuwa njiani.

Bibi hakuuliza ibada itakuwaje. Jumapili ya kwanza alitoa kwenye mkoba wake kile kitabu kidogo cha mafungu ya kila siku, ambacho nyumba za Wamoraviani huku kwetu zinakijua, akamwita mjukuu wake wa darasa la nne: "Njoo mume wangu, unisomee, miwani yangu haioni usiku." Tangu jioni ile tukawa na ibada kila siku saa moja na nusu usiku, kabla ya chakula.

Kitabu hicho kina historia inayofaa kusimuliwa. Mwaka 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani, aliwapa waumini wake neno moja la kushika siku nzima, na ndugu wakawa wanalipeleka mlango kwa mlango katika nyumba 32 za kijiji. Mwaka 1731 mafungu ya mwaka mzima yakachapwa kitabu, na hayajakoma kuchapwa hadi leo. Wamisionari wa Kimoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuja na desturi hiyo ya neno la kila siku. Yaani neno hilo lilikuwa la nyumbani tangu mwanzo. Mafungu ya Agano la Kale hupigiwa kura miaka mitatu kabla, halafu fungu la Agano Jipya huchaguliwa lioane nalo. Nilipomweleza Bibi kwamba mafungu ya 2020 yalipigiwa kura 2017, alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe la leo lilishatoka, ugonjwa wenyewe haujazaliwa." Nami hadi leo nikilifikiria hilo napata nguvu.

Bibi alikuwa na sharti moja: hakuna kuomba na kinyongo. Kama watoto wamegombania simu, au mimi nimemfokea mtu kwa sababu ya vyombo, yanamalizwa pale pale, mbele ya wote. Watoto wakiwa nyumbani kutwa, ugomvi hauishi, hivyo jioni nyingine upatanisho ulichukua muda kuliko sala. Chakula kilipoa. Nasema bila kusita kwamba hakuna mahubiri yaliyonifaa katika ndoa na malezi kama dakika zile.

Jambo jingine ni maswali. Kanisani hakuna anayenyoosha mkono kumkatiza mchungaji, lakini sebuleni mtoto anauliza. Binti yangu mkubwa alikuwa amezoea kufuata takwimu redioni kila jioni. Mwanzoni mwa Mei zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hazikutolewa tena, na habari tukawa tunazipata kwa simu na kwa misiba. Jioni moja akauliza, "Bibi, hao waliokufa hawakuombewa?"

Bibi alikaa kimya hata nikataka kumjibia. Kisha akasema kwamba kabla ya baba yao alizaa watoto wawili, na wote wawili surua iliwachukua mwaka mmoja, huko kijijini. "Wa kwanza nilimwombea, akafa. Wa pili nilimwombea, akafa. Wa tatu ndiye baba yenu." Hakuongeza neno. Akaomba kwa Kinyakyusa, sala ndefu, na kwa mara ya kwanza nikasikia akimtajia Kyala, yaani Mungu, majina ya wale watoto. Mimi ni mkwewe wa miaka mingi na sikuwahi kujua. Binti yangu hakulirudia tena swali lile, ila kuanzia siku hiyo alikuwa anakaa mkeka mmoja na bibi yake.

Mei 11 Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde, malori yakapanga foleni Tunduma, na baba watoto alikuwa katika foleni ile. Madereva walikuwa wakitazamwa kama ndio ugonjwa wenyewe. Mtaani kwetu kuna waliopunguza kuja kwangu kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Tukawa tunampigia saa ya ibada, simu inawekwa sauti kubwa juu ya meza, naye anasoma fungu akiwa ndani ya lori. Mtandao ukikata, mtoto anaendelea pale alipoishia. Jirani yetu Mwislamu, ambaye Ramadhani ile alikuwa akiswali tarawehe nyumbani na wanawe, ndiye aliyekuja kunipa pole, tena akiwa na sahani ya futari.

Shule zilifunguliwa Juni 29, katikati ya baridi yetu. Kazi za shule zikala saa yetu ya jioni, na wapo waliodhani ibada ndiyo imeishia hapo. Bibi akaihamishia alfajiri, kabla ya uji, watoto wakija na mablanketi mabegani. Baba watoto tulimnunulia kitabu chake, anakiweka kwenye lori. Akiwa Ndola au Lubumbashi anatutumia ujumbe kabla hajawasha injini, fungu la siku na jina la mtoto ambaye ni zamu yake kuombewa.