Familia ya Askari Itibiwe Wapi?

Huenda una mtoto au jirani aliyeko katika jeshi la Marekani, maana wapo vijana wa Afrika Mashariki waliojiunga nalo. Akikuarifu kwamba mkewe anatakiwa kuchagua mpango wa matibabu, usidhani ni jambo dogo.

Sheria ya mwaka 1956 iliruhusu familia za askari kulazwa katika hospitali za raia kwa gharama ya serikali. Lakini mgonjwa wa nje, yule anayetibiwa na kurudi nyumbani, hakupewa nafasi kamili mpaka sheria ya mwaka 1966. Ajabu, kwani sisi wa zahanati tunajua kwamba wagonjwa wengi ndio hao!

Siku hizi mpango huo unaitwa TRICARE, nao una njia mbili kubwa. Ya kwanza, Prime, inafanana na utaratibu wetu: unaanza kwa mganga wako, naye akiona haja anakuandikia barua ya kwenda kwa bingwa. Familia ya askari aliye kazini ikifuata ngazi hizo hailipi kitu kwa kumwona daktari. Je, mama akimpeleka mtoto kwa bingwa bila barua, wala si dharura? Atalipa mwenyewe dola 300 za kwanza kwa mwaka, kisha nusu ya gharama inayokubaliwa. Kwa mshahara wa askari mdogo, hilo ni pigo.

Njia ya pili ni Select. Hapa mama anamwendea daktari amtakaye, mara nyingi bila barua, ila anachangia fedha kila mwaka na kila anapotibiwa.

Mimi ningemshauri mama mwenye mtoto wa pumu, anayeishi karibu na hospitali ya jeshi, achukue Prime. Mganga mmoja anayemjua mtoto ni bora kuliko watano wasiomjua. Akiwa mbali, aulize kwanza kama Prime ipo huko, maana haipo kila mahali.

Kubadili njia hufanyika kati ya Novemba na Desemba, au katika siku 90 baada ya ndoa, kuzaliwa mtoto au kuhama. Mtoto mchanga aandikishwe mapema katika daftari la jeshi.

Nawe mzazi, jina lako halimo katika Prime wala Select. Ukialikwa kwenda kumwona mjukuu, ulizia bima yako ya safari kabla hujapanda ndege.