Uganda: VPN inapogoma, hitilafu iko wapi?

Waganda wengi waliijua VPN kwa sababu ya kodi. Mnamo Julai 2018 serikali ya Kampala ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii, na wasiotaka kulipa wakageukia VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti ya kawaida. Lakini jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti yenyewe ilizimwa, nazo VPN zikanyamaza pamoja nayo hadi tarehe 18. Iliporejea, Facebook ilibaki imefungwa. Hapo VPN ikafaa tena.

Tofauti ya hali hizo mbili ndiyo ya kwanza kupimwa na mtu ambaye VPN yake inagoma, awe na jamaa ng'ambo ya mpaka au ofisi inayomsubiri. Izime VPN, kisha ufungue tovuti yoyote ya kawaida. Isipofunguka, kubadilisha programu ya VPN ni kupoteza muda.

Ikifunguka, wengi hukimbilia pingi. Kipimo hicho hudanganya pande zote mbili: seva inaweza kuijibu pingi huku mlango wa VPN umefungwa, au ikaikataa huku VPN inafanya kazi barabara. WireGuard, kwa mfano, haimjibu kabisa asiye na ufunguo sahihi. Ukimya wake si ushahidi. Kinachosaidia zaidi ni kulinganisha: jaribu VPN ile ile kwa Wi-Fi, kisha kwa data ya kampuni nyingine ya simu. Ikikubali upande mmoja tu, yaelekea kizuizi kipo njiani. OpenVPN kwa kawaida hutumia mlango wa UDP 1194, ambao ni rahisi kuuzuia. TCP 443, mlango wa tovuti salama, huzuiwa kwa nadra, ingawa mwendo waweza kupungua.

VPN ikiunganika lakini kurasa nzito zikakwama, huenda vifurushi vya data ni vikubwa mno. Njia ya kawaida hubeba baiti 1500, na VPN huongeza mzigo wake juu ya hizo. Punguza kipimo hicho katika mipangilio.

Kwa anayevuka kwenda Tanzania liko jambo jingine, lisilo la ufundi: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN wawe wamejiandikisha ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo.