Homa ya Kijana Aliye Masomoni Ulaya

Kila mwaka ifikapo Agosti na Septemba hazikosekani familia katika parokia zetu zinazofunga mizigo ya kijana anayekwenda kusoma Ulaya. Michango hukusanywa, shangazi huleta unga na dagaa, na babu hutoa nasaha ndefu. Katika nasaha hizo tumesikia mengi juu ya baridi na marafiki wabaya. Juu ya malaria hatujasikia hata neno moja. Watu hudhani kwamba malaria hubaki uwanja wa ndege pamoja na wanaopunga mkono.

Mwezi huu tumeuchukua mji mmoja uwe mfano wetu, nao ni Leuven katika nchi ya Ubelgiji, kilomita 25 hivi mashariki ya Brussels. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha mji huo kilianzishwa mwaka 1425, na kwa miaka mingi mapadre, masista na walei kutoka Afrika wamekuwa wakisoma huko. Mengi tutakayosema yanafaa pia kwa anayekwenda mji mwingine wa Ulaya.

HOMA YA WIKI ZA KWANZA

Tunamfahamu kijana mmoja aliyefika kwenye masomo akiwa mzima kabisa. Siku ya kumi na mbili alianza kutetemeka, kichwa kikamwuma na viungo vikalegea. Wenzake wa hosteli walimwambia ni mafua tu, kila mgeni huyapata. Alikwenda kwa daktari, akaulizwa juu ya koo na kikohozi. Hakuulizwa ametoka nchi gani, naye kwa unyenyekevu wa kwetu mbele ya daktari hakusema. Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Siku ya tatu alikuwa hajui anachosema. Damu ilipopimwa hospitalini, ilikutwa imejaa vijidudu vya malaria. Alipona, lakini baada ya kulala siku sita katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mama yake alikuja kupata habari mambo yalipokwisha.

Je, ilikuwaje augue malaria katika nchi isiyo na malaria? Jibu ni kwamba aliumwa na mbu hapa hapa nyumbani, pengine usiku ule wa sherehe ya kuagwa. Mbu akishamwuma mtu, vijidudu huenda kwanza kujificha na kuongezeka ndani ya ini, na wakati huo mtu hasikii lolote. Kwa malaria ya aina iliyo kali na iliyoenea sana kwetu, homa huanza kwa kawaida kati ya wiki moja na mwezi mmoja tangu kuumwa, na mara nyingine baada ya miezi miwili au mitatu. Zipo aina nyingine ambazo hulala katika ini kwa miezi mingi kabla ya kuamka.

Tena yafaa kuwaelewa madaktari wa huko. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kanda yake ya Ulaya haina tena malaria inayoambukizwa humo humo. Hivyo daktari wa mtaani anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mgonjwa wa malaria, na anapoona homa mwezi wa Oktoba, cha kwanza kumjia akilini ni mafua. Mwenye kuijua malaria katika chumba kile ni mwanafunzi. Basi yeye ndiye aseme, na aseme kabla hajaulizwa: "Nimetoka Tanzania tarehe fulani, kwetu kuna malaria, nina homa, naomba damu yangu ipimwe leo." Neno "leo" lisiachwe, kwa maana malaria kali haingoji miadi ya wiki ijayo. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe kesho yake na keshokutwa. Na kama amebeba dawa mseto kutoka nyumbani, isimfanye ajitibu kitandani akachelewa kupimwa.

HOMA YA BAADA YA LIKIZO

Hii ndiyo inayotusikitisha zaidi, kwa sababu huwapata wale wanaojiona wazoefu. Mtu aliyekulia kwetu ameumwa na mbu mara nyingi, na mwili wake umejifunza kupambana na vijidudu. Ndiyo maana mtu mzima huugua malaria akaenda shambani baada ya siku chache, wakati mtoto mchanga anaweza kufa. Lakini kinga hiyo si kamili, na haidumu bila kuumwa tena na tena. Kijana akikaa Leuven mwaka mmoja au miwili hupungua, bila yeye kuhisi badiliko lolote.

Kisha anakuja Krismasi. Analala bila chandarua kwa sababu "mimi ni mtoto wa hapa", anakesha nje na jamaa, na Januari anapanda ndege na vijidudu mwilini. Safari hii anaweza kuugua vikali, karibu kama mgeni ambaye hajapata kuumwa na mbu wetu.

Kwa hiyo kabla ya kuja likizo amwone daktari huko aliko, ampe dawa ya kuzuia malaria. Ubelgiji inayo Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto katika mji wa Antwerp, na wataalamu wake wanayajua mambo haya. Dawa huanza kabla ya kusafiri na huendelea baada ya kurudi: aina moja kwa siku saba, nyingine kwa wiki nne. Wengi huiacha siku wanapotua Brussels, na hapo ndipo wanapoharibu kazi yote. Nanyi mlio nyumbani, mkimwona anameza vidonge na kuomba chandarua, msimcheke kwamba amekuwa mzungu.

MENGINE YA KUJUA

Mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya aliyepewa viza ya kukaa muda mrefu hana budi kujiandikisha kwenye ofisi ya mji ndani ya siku 8 za kazi tangu afike. Asiahirishe. Akishajiandikisha hujiunga na chama cha bima ya afya, kinachoitwa mutualiteit. Wiki hiyo hiyo, akiwa bado mzima, atafute daktari wa mtaa, yaani huisarts. Huko watu hawakimbilii hospitali kwanza kama si dharura. Kwa kawaida mgonjwa humlipa daktari, kisha bima humrudishia sehemu kubwa ya fedha. Dawa za kuua bakteria haziuzwi bila cheti cha daktari, hata ukimbembeleza mwuzaji. Kwa dharura hupigwa namba 112.

Baridi yenyewe huzoeleka. Koti zito, kwa njia, latosha kulinunua mitumbani kwetu, maana pengine lilitoka nchi hizo hizo. Kigumu zaidi ni giza. Mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni, na kuanzia Oktoba hadi Machi halina nguvu ya kutosha kuusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi, kwa hiyo aulizie vidonge vya vitamini hiyo. Giza na upweke huweza pia kumwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya kuishi. Chuo kina kituo cha afya cha wanafunzi chenye madaktari na wanasaikolojia, na kwenda huko si kukiri kwamba umerukwa na akili. Mzazi akisikia simu zimekuwa fupi na sauti imekuwa nzito, aulize juu ya usingizi kabla ya kuuliza juu ya mitihani.

Mwenye selimundu ajihadhari kuliko wengine, kwani baridi na kukosa maji mwilini huweza kuamsha maumivu. Asiondoke bila barua ya daktari wake na kadi ya chanjo.

Mwisho, kijana aweke katika pochi karatasi ndogo yenye kundi lake la damu, dawa zinazomdhuru, simu ya ndugu mmoja na tarehe aliyotoka Afrika. Tarehe hiyo aibadilishe kila anaporudi kutoka likizo.