Gesi ya Kiyoyozi cha Gari Ikivuja: Tafuta Tundu, Linda Fundi



Magari mengi ya viwanda na mashamba makubwa siku hizi yana viyoyozi. Kiyoyozi kikiacha kutoa ubaridi, amri itolewayo gereji mara nyingi ni moja tu: "Jaza gesi." Fundi hujaza, gari huondoka, na baada ya wiki chache hurudi na ugonjwa ule ule. Gesi hii hailiwi na mtambo kama petroli inavyoliwa na injini. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikiisha kwa wiki chache, ipo njia iliyotokea, na kazi ya kwanza ni kuitafuta. Tunaeleza hapa namna ya kuitafuta bila fundi kuumia.

GESI YENYEWE

Magari ya zamani yalitumia gesi ya R-12, iliyoachwa kufuatana na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu iliharibu tabaka la ozoni. Mengi yaliyofuata hutumia R-134a. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ni nzito mara tatu na nusu kuliko hewa. Magari mapya mengi yana R-1234yf, ambayo inaweza kushika moto. Kwa hiyo soma kwanza kibandiko kilicho chini ya boneti.

NAMNA YA KUTAFUTA

Kwanza, tumia macho. Gesi ikitoka huchukua pamoja nayo mafuta ya kompresa. Mahali penye mafuta yaliyoshika vumbi patiliwe shaka. Tazama viungo vya mabomba na oringi zake, sili ya mhimili wa kompresa, valvu za kujazia, na kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambayo hupigwa na mawe ya barabarani.

Pili, pima shinikizo. Injini ikiwa imezimwa, geji isome angalau ratili 50 kwa kila inchi ya mraba, yaani kilopaskali 340. Likiwa chini ya hapo, tundu dogo halitajionyesha.

Tatu, paka povu la sabuni kwenye viungo. Mapovu yakifura, tundu limepatikana. Lakini povu halionyeshi uvujaji mdogo sana.

Nne, kama kipo kifaa cha umeme cha kunusa gesi, kipitishe upande wa chini wa kila kiungo, kwa kuwa gesi hushuka. Nenda polepole, isizidi sentimita 5 kwa sekunde. Ukipata tundu moja usikome hapo. Maliza mzunguko wote, maana huenda yako mawili. Sehemu ya ubaridi iliyofichwa ndani ya dashibodi ipimwe kwenye mpira wa kutolea maji, ila maji yasiingie katika kifaa.

Tano, iko rangi maalumu inayotiwa ndani ya mtambo. Gari likiisha kutumika kwa siku chache, rangi hiyo hung'aa chini ya taa ya zambarau pale inapovuja.

Ikiwa mtambo ni mtupu kabisa, hujaribiwa kwa nitrojeni kavu, na mtungi hapana budi uwe na regyuleta.

MAMBO MANNE YA KUKATAA

1. Oksijeni. Fundi asikubali kujaribu mabomba kwa mtungi wa kuchomelea. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka. Hata hewa ya kujazia matairi isitumike, kwani ikichanganyika na R-134a chini ya shinikizo inaweza kuwaka.

2. Moto. Zamani R-12 ilitafutwa kwa taa ya moto, na mwali ukageuka kijani. R-134a haina klorini, hivyo mwali hauonyeshi kitu. Tena gesi hizi zikiungua hutoa hewa ya sumu. Ile ya R-12 inaweza kuwa na fosijeni, ambayo ilitumiwa kuua askari katika vita vya 1914 hadi 1918.

3. Shimo la gereji. Gesi hukaa chini na kuifukuza hewa. Fundi aliye shimoni huona kizunguzungu, kisha huzimia. Mwenzako akianguka, usiruke ndani kabla hewa safi haijapitishwa, mtakuwa wawili.

4. Mikono mitupu. Gesi ikiruka hali ingali maji, hugandisha ngozi na kuweza kupofusha macho. Miwani ya kinga na glavu ni lazima.

HAKI YETU

Mkataba Nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unamlinda mfanyakazi anayejitoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini. Tangu 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa ile ya msingi. Sheria ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2003. Basi matawi yapeleke madai yaliyo wazi: miwani, glavu, regyuleta, na mashine ya kunyonya gesi.

Mashine hiyo si anasa. Kilo moja ya R-134a ikiachiwa hewani huleta joto sawa na zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dioksaidi kwa miaka mia. Ndiyo sababu mataifa yaliyokutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 yalikubaliana kuzipunguza gesi za aina hii.

Meneja akisema kutafuta tundu ni kupoteza saa za kazi, mwonyesheni daftari la gereji: gari hilo limejazwa mara ngapi mwaka huu, na kila mara kwa gharama gani? Oringi moja ni bei ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.