Kuchagua Majira ya Safari katika Milima ya Himalaya



Kila mwaka watu wengi kutoka pembe zote za dunia huenda Nepal na India kutembea kwa miguu katika milima ya Himalaya. Swali lao la kwanza ni moja: twende mwezi gani? Kwa mtalii, swali hilo ni la starehe na gharama. Kwa askari alindaye mpaka mlimani, na kwa polisi aitwaye kuwatafuta waliopotea, ni swali la uhai na kifo. Yafaa basi tulitazame kwa makini.

Himalaya ni safu ya milima yenye urefu wa kilometa zipatazo 2,400, inayoitenga Bara Hindi na nyanda za juu za Tibet. Kilele chake kikubwa, Everest, kina kimo cha meta 8,848.86, kwa kipimo kilichotangazwa kwa pamoja na Nepal na China mwaka 2020. Ukuta huo mkubwa ndio unaotawala hali ya hewa ya nchi zilizoko chini yake.

Upepo uletao mvua huko si mgeni kwetu. Jua linapoipasha joto ardhi ya Asia, hewa ya huko hupanda juu, na upepo wa baharini huvutwa kujaza nafasi yake. Upepo huo ni jamaa wa kusi yetu, ile ile iliyokuwa ikiyasukuma majahazi kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki kwenda Arabuni na India. Huvuka Bahari ya Hindi ukibeba unyevu. Ukifika milimani hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga mvua.

Mvua hizo hunyesha tangu Juni hadi Septemba, nazo ni kiasi cha asilimia 80 ya mvua yote ya mwaka nchini Nepal. Wakati huo vilele hufichwa na mawingu, njia huteleza na kujaa ruba, madaraja huchukuliwa na maji, na ardhi huporomoka. Desemba hadi Februari mbingu huwa safi, lakini baridi ni kali, na theluji huweza kuyafunga mapito ya juu kama Thorong La, lenye kimo cha meta 5,416.

Yabaki majira mawili. La kwanza ni Oktoba na Novemba: mvua zimekwisha, vumbi limeoshwa, na macho huona mbali. Hayo ndiyo majira yanayopendwa na wengi. La pili ni Machi hadi Mei: joto huongezeka na misitu huchanua maua, ingawa utusitusi huficha vilele vya mbali. Ni katika majira hayo, tarehe 29 Mei 1953, Tenzing Norgay na Edmund Hillary walipofika kileleni Everest.

Lakini kanuni hiyo haifai kila mahali. Mustang na Dolpo, pamoja na Ladakh upande wa India, ziko nyuma ya milima mirefu inayozizuia mvua. Huko miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri. Basi asiyeijua ramani asichague mwezi.

Makamanda nao wameijua kalenda hiyo. Mwaka 1962 majeshi ya China yaliishambulia India tarehe 20 Oktoba, mvua zimekwisha na theluji kubwa haijaanguka. Yakasimamisha mapigano tarehe 21 Novemba. Askari wengi wa India walikuwa wamepelekwa juu haraka, wakiwa na sare nyepesi, na miili yao haijazoea hewa nyembamba. Mwaka 1999, huko Kargil, vikosi kutoka Pakistan vilikalia vituo vya juu vilivyoachwa wazi kwa sababu ya baridi. India ilivigundua mwezi Mei, na vita viliendelea hadi Julai.

Hata hivyo, majira mazuri si ahadi. Tarehe 12 Oktoba 2014, katikati ya mwezi unaosifiwa kuliko yote, kimbunga Hudhud kiliipiga pwani ya mashariki ya India. Siku mbili baadaye mabaki yake yalimwaga theluji nzito katika eneo la Annapurna nchini Nepal. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa karibu na Thorong La. Hawakuwa wageni peke yao: walikuwamo pia viongozi wa safari, wapagazi na wachungaji wenyeji. Helikopta za jeshi la Nepal zilipelekwa kuwaokoa walionusurika. Kimbunga kilikuwa kimekwisha kutangazwa. Lakini habari ambayo haikumfikia mtu aliyeko njiani haimwokoi.

Tena, hakuna mwezi uondoao maradhi ya milima mirefu. Mtu akipita meta 3,000, inashauriwa kituo chake cha kulala kisipande zaidi ya meta 500 kwa siku, na apumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Kichwa kikimuuma na kutapika, asipande tena. Hali ikizidi, ateremke mara moja, hata kama ni usiku.

Somo hili lawahusu wote wenye mamlaka ya kuamuru wengine kwenda. Anayechagua majira vibaya hajichagulii peke yake. Humchagulia pia mpagazi aliyebeba mzigo wake, na rubani atakayetumwa kumtafuta. Kalenda hutuonyesha mwezi wa kuondoka. Siku ya kuvuka huamuliwa na mbingu za asubuhi ile, na kiongozi hodari ni yule awezaye kuwarudisha watu wake wakiwa wazima. Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Aliyeyaona mawingu akaendelea mbele, asiulaumu mlima.